Vidonge vya Ijumaa

Kibiti,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mdogo wangu Muzdalifa,

Salamu nitaziweka mwisho, kama nitakuwa bado ninazo.

Jana nimekaa kwenye benchi la maabara tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri nikikungoja uje kupimwa damu. Nilikushikia nafasi. Kila aliyekuja nyuma yangu nilimwambia apite, namngoja mdogo wangu, yuko njiani anatoka Nyamisati. Watu wamepita mpaka benchi limebaki na mimi peke yangu, na yule kijana wa maabara akaniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima. Mwezi uliopita ulisema boti imeharibika. Jana boti ilikuwa nzima, maana Mwinyimvua mwenye boti nimeongea naye kwa mdomo wangu. Amepakia kaa, wewe hukupanda. Kaa wana akili kukushinda.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya kaka Abdala mnaiweka spika, na mimi nikianza kusema mama analia, baba anatoka nje, na jirani anachangia. Haya ni yako peke yako. Nimeikunja ndani ya pakiti ya vidonge, na Mwinyimvua nimemwambia akiifungua nitamshonea suruali isiyo na mfuko hata mmoja, atembee na nauli za watu mkononi.

Hivi umesahau? Mwaka juzi ulikuwa huwezi kukunja vidole ukala ugali. Asubuhi shuka limeganda mgongoni, mpaka tulimwagie maji ndipo libanduke, na wewe umeng'ata kanga usipige kelele. Umepakwa mafuta ya kila rangi, umefukizwa, umesomewa, umeambiwa usile pweza, usile papa, usile nini sijui. Nani alikubeba mpaka Dar kwa daktari wa ngozi? Yule mzee alikaa na sisi akatueleza taratibu, kwamba hii pumu ya ngozi yako haikuanzia kwenye ngozi, imeanzia kwenye kinga ya mwili. Kinga yako ni mgambo waliolewa, badala ya kulinda mtaa wanampiga mwenye nyumba. Dawa hii inawanyang'anya virungu. Jina lake refu, methotrexate, mama anaiita Meto kama mtoto wa jirani. Vidonge kila Ijumaa, mara moja tu kwa wiki, na vile vidogo vya vitamini siku zilizobaki. Halafu damu kila mwezi, waangalie ini na wingi wa damu. Mambo mawili tu umepewa, Ijumaa na damu. Mambo mawili yanakushinda?

Harusi yako ni tarehe 20 Juni. Gauni la shughuli ya wanawake liko hapa mashineni, nimelikata mikono mifupi. Una miaka ishirini na mitatu na hujawahi kuvaa mikono mifupi mbele za watu. Nimelikata kwa raha zangu zote, nikiimba. Usinifanye nirudi dukani kutafuta kitambaa cha kuongezea.

Na somo yako Bi Rukaya mwambie hiyo singo yake ya liwa na manjano akasugue ukuta wa nyumba yake, usiiguse wewe. Wiki ijayo uje upimwe. Sitaki kusikia habari ya boti.

Salamu zimekwisha njiani.

Dada yako,
Mwamini

*

Dunguni, shambani kwetu,
Jumatano, 23 Aprili 2025

Dada Mwamini,

Assalaam alaykum. Mimi nimeziweka mwanzo, ingawa tumelelewa nyumba moja.

Wiki ijayo uliyosema imepita na sikuja. Mpunga umetoa suke, ndege wameshuka kama walioalikwa. Magoti ya mama hayapandi ngazi ya dungu, kaka Abdala yuko kwenye mikoko anakata boriti, na baba macho yake unayajua, ndege akitua anamwona kesho yake. Kwa hiyo aliyeko juu ya dungu tangu alfajiri, anayepiga debe na kuamia ndege, ni mimi. Sauti imenikauka mpaka Mwinyimvua akipita ananiita Mzee Muzdalifa. Nikicheka natoa kikohozi kirefu kama injini yake. Ni kelele za ndege tu, usianze.

Ngozi yangu haijawahi kuwa hivi. Juzi nilipitisha mkono kwenye kiwiko nikashtuka, nikadhani nimemshika mtu mwingine. Nimekaa pale dunguni najishikashika kama mwehu. Kwa hilo nakushukuru, na nimekushukuru mara nyingi, lakini wewe kila ukishukuriwa unaongeza sauti.

Sasa nisikilize. Wanawake wa kwao Ridhiwani watatoka Mahege kuja kwetu wiki moja kabla ya harusi. Mama yake, Bi Mwanawetu, ndiye mwenye shughuli. Mwali anasimamishwa juu ya mkeka, kanga inaondolewa, wanamtazama mbele, wanamgeuza wanamtazama nyuma. Ndiyo desturi ya ukoo wao, na Bi Mwanawetu mwenyewe alisimamishwa. Tangu nilipovunja ungo nimeiogopa siku hiyo. Wenzangu waliota waume, mimi niliota mkeka. Mwaka huu kwa mara ya kwanza siuogopi.

Nikija huko maabara, wakaona kitu kwenye damu wakaniambia vidonge tuvisimamishe kwanza, nitasimama juu ya mkeka na nini? Na gauni lako la mikono mifupi? Niache niolewe. Tarehe 21 Juni wanitoe damu ndoo nzima.

Na mimi nina swali. Ile karatasi aliyokupa daktari siku ile mbona sijaisoma mpaka leo? Niliiona kwa macho yangu, ilikuwa na maandishi mbele na nyuma. Wewe kila siku unasema mambo mawili. Mambo mawili yanajaza kurasa mbili?

Mdogo wako,
Muzdalifa

*

Kibiti,
Jumamosi, 3 Mei 2025

Muzdalifa,

Karatasi alipewa mtu mzima, na mtu mzima ameisoma. Usinipeleleze.

Leo Mwinyimvua ameniambia kitu kimeniondolea usingizi wa mchana na hamu ya chai. Amesema umekonda. Amesema ulipoleta barua pale ufukweni ulikaa chini mara mbili njiani, wewe ambaye ulikuwa unabeba ndoo mbili kutoka kisimani unaimba. Nikamuuliza ngozi yake? Akasema yeye hamtazami mwali wa watu ngozi. Adabu imemjia leo, siku ninayotaka umbeya.

Sihitaji aniambie. Najua. Umeacha vidonge, mwili umeanza kurudi kulekule, ndiyo maana unaukwepa mkono wa daktari. Umeona umependeza, ukasema nimepona, dawa za nini. Au mama amekwambia Meto inachosha damu ya mwali. Au baba amerudi kwenye mambo yake. Niambie ukweli, baba amekuchemshia magome?

Wewe ulikuwa na miaka minne, labda hukumbuki. Mimi nilikuwa na kumi na tisa na nakumbuka kila kitu. Baba alichemsha magome ya mkandaa kwenye lile pipa la nyavu, maji mekundu mazito, yale yale anayozamishia nyavu ili zisioze. Akasema kama yanakaza uzi yatakaza na ngozi. Kijiji kizima kingekuwa na mtoto wa kujikuna, hakuna ambaye angefikiria hivyo isipokuwa baba yetu, kwa sababu maisha yake yote hajatengeneza kitu kingine ila nyavu. Ulikuwa na vidonda vibichi mgongo mzima. Ulipoingizwa mle ulipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo walikuja na mtumbwi kuuliza nani amefariki. Ukatoka rangi ya tofali. Siku saba ulilala kifudifudi. Mimi yule mzee namsalimia, namnunulia koti, namtumia sukari ya Ramadhani, lakini sijamsamehe na sina mpango.

Kwa hiyo usinichezee. Nimegombana na shemeji yako kwa ajili ya vidonge hivi. Nimegombana na mama. Nimekaa kwenye korido za hospitali nikafukuzwa nikarudi. Nakuagiza kama dada mkubwa, siyo kama rafiki. Hata homa ikikushika, hata ukitapika, hata dunia ikigeuka chini juu, Ijumaa isikupite hata moja. Meza. Ukiacha nitajua, nitapanda boti nije nikumezeshe mwenyewe mbele ya wakwe zako.

Pakiti hii ni ya wiki nne.

Mwamini

*

Nyumbani,
Jumamosi, 17 Mei 2025

Dada,

Hadithi yako ya pipa umeisimulia vizuri. Kuna kipande umekisahau.

Baba alikuwa anakoroga kwa mti mrefu, mikono yake yote miwili. Mama aliingia ndani akafunga mlango, hakutaka kuona. Abdala alipelekwa kwa bibi, kule Ruaruke. Basi nani alinishika mikono?

Ulikuwa na bangili ya plastiki, nyekundu, pana. Ilinibana hapa kwenye mshipa, na kila nilivyojivuta ilizidi kunibana. Uso wa baba wa siku ile siukumbuki. Nakumbuka bangili. Miaka kumi na tisa nimengoja useme wewe mwenyewe, nikasema labda anaona aibu, atasema siku moja. Hukusema. Badala yake kila mwaka unamchemsha baba upya kwenye pipa lile lile, na wewe umesimama pembeni mikono safi.

Basi nikwambie habari za pipa, maana huji kwetu. Mwaka jana, vidonge vilipoanza kufanya kazi, nilikuwa naoga uani, baba akapita akaona mgongo wangu. Alasiri alichukua shoka akalipasua pipa, akayanyoosha mabati yake kwa nyundo mpaka Magharibi, akaezekea banda la kuku. Mpaka leo hajasema neno juu yake, na mimi sijamuuliza. Kwake yeye limekwisha. Anayelichemsha mpaka leo ni wewe.

Na vidonge sijaacha. Hata kimoja. Umeniita mwongo kwa jambo ambalo sikusema uongo, na uongo niliosema hukuuona. Kikohozi changu si cha ndege. Nakohoa tangu mvua za Aprili. Nilificha kwa sababu msichana wa kukohoa haposwi, akiposwa anarudishwa, na kwa sababu ya mkeka, nimekwisha kukwambia. Barua yako ilipofika nilikuwa na homa, nikafikiri labda Ijumaa hii nipumzike. Nikasoma ulivyoandika, hata homa ikikushika. Ijumaa ya tarehe tisa nikameza na homa juu. Jana Ijumaa nimemeza tena, na jana nilikuwa siwezi kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Vile vile ulivyoamuru, dada mkubwa.

Mwandiko umepinda, unisamehe. Naandika nimekaa nimeegemea nguzo, maana nikilala pumzi haitoshi. Mama anasema ni hofu ya harusi. Bi Rukaya anasema mwali mzuri hukonda.

Ridhiwani amenunua kitanda.

Muzdalifa

*

Nyamisati, bandarini,
Jumanne, 20 Mei 2025, saa nne asubuhi

Muzdalifa,

ACHA VIDONGE. Usimeze kingine. Hivi vya Ijumaa na vyote. Mpe mama hii barua asome, mpe Abdala, mpe baba asomewe, weka spika, kijiji kizima kisikie.

Simu ya Abdala haiingii tangu jana. Mwinyimvua anaondoka sasa hivi kabla maji hayajatoka, amemwaga kaa wa watu ufukweni nafasi iwepo ya kukulaza. Ningepanda, lakini nikipanda mimi wakati wa kurudi hapatakuwa na mahali pako, baba na Abdala lazima wakushike. Mimi nipo hapa na gari, haliondoki hapa mpaka ufike. Usitembee. Wakubebe.

Karatasi ninayo mkononi. Mbele na nyuma. Nakunakilia nilichokuficha.

"Ukipata homa, kikohozi au pumzi fupi, acha dawa na uje hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kinga yako iko chini na maradhi madogo yanaweza kuwa makubwa."

"Usishike mimba ukiwa unatumia dawa hii. Ukitaka kuolewa au kuzaa, tuambie mapema ili tukubadilishie."

Yapo na mengine, nitakusomea yote. Siku ile Dar mama alikuwa amekaa kati yetu, akaniambia haya soma, wamesemaje. Nikatazama yale maneno nikajua nikiyasoma, mama atachukua vidonge avitupe mtoni, na wewe utarudi kwenye shuka la kumwagiwa maji. Nikasoma mawili nikakunja. Nikasema nitakwambia mwenyewe baadaye, tukiwa wawili. Ukapona. Ukacheka. Ukaposwa. Kila nikitaka kusema naogopa kukuharibia. Mwaka mzima karatasi imekaa kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, na kila nikitafuta kifungo inanitazama.

Hayo ya kuolewa nilikuwa nakuja kukwambia. Wallahi nilikuwa nakuja kukwambia. Nimeshona gauni badala yake.

Nikasirikie utakavyo, lakini ukiwa kwenye boti.

Mwamini

*

Dar es Salaam, nje ya wodi,
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa Muzdalifa, kitanda cha dirishani,

Leo ni wiki ya tatu nakaa kwenye hili benchi. Uji nampa muuguzi Safina mlangoni, anaingiza, anarudi na chupa tupu. Kwa hiyo unakula. Hiyo ndiyo barua pekee ninayopata kutoka kwako.

Siku ya kwanza alipoanza zamu nilimwambia nataka kuingia kumwona mdogo wangu. Akasema mgonjwa amesema dada yake asiingie. Nikamwambia mimi ndiye niliyemleta. Akasema, hilo pia amelisema. Nilimtukana, halafu nikamwomba radhi, halafu nikamtukana tena moyoni. Sasa tunasalimiana.

Wamenieleza habari zako kwa sababu jina langu ndilo liko kwenye faili. Nimonia mapafu yote mawili, na damu iliyoshuka, na wangekuona Aprili isingefika huko. Wamesema siku nyingine tatu tu ungekuwa unaitwa marehemu. Baba alisikia. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni siku ile kutoka nyumbani mpaka ufukweni, yeye na macho yake yale, Abdala anamwelekeza kushoto, kulia, mzizi huo. Alikataa kupokewa. Alipokuingiza kwenye gari pale Nyamisati alinitazama, na mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kumlaumu ambalo halikuwa langu pia.

Nakuandikia nililopaswa kuandika zamani. Ndiyo, ni mimi. Baba alisema mshike, nikakushika. Ningeweza kukataa, nilikuwa mtu mzima, nilikuwa nimeposwa. Ningeweza kukuchukua nikakimbia nawe kwa bibi. Nilikushika mpaka ukalegea, nikadhani umekufa, ndipo nikaachia. Ile bangili niliitupa mtoni wiki ile ile. Halafu nikaanza kumchukia baba, maana kumchukia yeye kulikuwa rahisi, na nikaapa nitakutafutia dawa ya kweli hata nikiuza cherehani. Nikaipata. Nikakushika tena vile vile, safari hii kwa barua. Kila nikilifikiria hili nataka kulipiga teke hili benchi, na nimelipiga, na kidole kimevimba.

Lakini nina hasira na wewe pia, sitadanganya, nimechoka kudanganya. Ulikohoa wiki tano ukacheka. Uliruka damu mara mbili. Ulikuwa radhi kufa ili wanawake wa Mahege waone mgongo. Mgongo! Wangeutazama vizuri wakikuosha.

Juzi Bi Mwanawetu alikuja. Alipita mbele yangu akaingia. Wewe ukamruhusu, mimi dada yako nikabaki na chupa ya uji. Alikaa muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umekunjamana, hakunisalimia. Amesema nini? Wamevunja? Tarehe ishirini ni wiki ijayo na gauni bado liko mashineni, sindano imechomekwa ndani yake tangu siku ile, sijathubutu kuichomoa.

Nijibu hata kwa matusi.

Mwamini

*

Wodini,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Dada Mwamini,

Leo Ijumaa na sina kidonge cha kumeza. Nimeamka nikatafuta chini ya mto kwa mazoea.

Nashusha pumzi vizuri sasa, wamenitoa mpira wa hewa tangu Jumapili. Ngozi imerudi. Imerudi yote, na nadhani imeleta na jamaa zake. Shingo, vikwapa, nyuma ya magoti, mikono mpaka kwenye kucha. Daktari anasema mpaka mapafu yapone kabisa hawezi kunipa dawa ya aina ile, ni mafuta tu na vitambaa vya maji. Baadaye tutazungumza dawa nyingine, ipo ambayo ni salama zaidi kwa mtu anayetaka kuolewa. Hivyo ndivyo alivyoniambia, mimi mwenyewe, ana kwa ana, na mimi mwenyewe nikamuuliza maswali. Alishangaa sikuwa najua chochote. Sikukutaja.

Bi Mwanawetu nilimruhusu kwa sababu nilitaka yaishe. Alipokaa tu nikaondoa kanga. Mchana kweupe, wagonjwa wanatazama, Safina anakimbia na pazia. Nikamwambia mama, mkeka sitausimamia, nitazame hapa hapa, mbele na nyuma, umalize shughuli yako. Na nikamwambia habari za vidonge, na za mimba, na za kikohozi, yote.

Unajua alinijibu nini? Nakuandikia kama alivyosema. "Mwanangu weye, ngozi yako naijua tangu u mtoto. Nani asiyeijua? Siku ile ya pipa, mtumbwi uliokuja kuuliza nani kafa, miye n'likuwemo. Ridhiwani n'lipomtuma aje kukuposa n'lijua namtuma kwa nani. N'lichokuwa sijui ni kwamba u mwongo."

Akanifunika kanga. Akaikaza mpaka shingoni, kwa hasira, kama anayefunga mzigo. Akasema tarehe ishirini hakuna harusi, na baada ya hapo Ridhiwani ana mdomo wake. Ridhiwani hajasema. Akisema hapana nitalia, halafu nitakuja Kibiti kuvaa gauni langu hivyo hivyo na magamba yangu, nipite nalo sokoni.

Kwa hiyo walijua. Watu wote nilioficha kifua kwa ajili yao walikuwa wanaijua ngozi yangu. Nimecheka mpaka Safina akaja na kipimo cha homa. Halafu nikakasirika, na bado nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako. Ulikuwa na karatasi. Mimi najua kusoma, dada. Wewe ndiye uliyenifundisha, juu ya mchanga, na kijiti.

Sijakusamehe. Usije ukaingia humu unalia ukidhani nimekusamehe. Utakuja na ile karatasi, utaketi, utaisoma yote kwa sauti, mbele na nyuma, na mama ukimpigia simu umsomee pia. Na kuanzia leo karatasi zangu nakaa nazo mimi.

Lakini kuna jambo moja hapa hawaliwezi. Mikono yangu hainisikii. Nikisinzia inajikuna yenyewe mpaka shuka linakuwa jekundu, na daktari anasema vidonda hivi vikiingia wadudu tunaanza upya. Safina amenivisha soksi mikononi, nazivua kwa meno nikiwa usingizini. Wametaka kunifunga kwa bendeji kwenye kitanda, nimekataa. Nimewaambia yupo mtu anayejua kunishika.

Nimemwambia Safina akufungulie mlango. Njoo unishike mikono nilale.

Bangili uvue kabla hujaingia.

Mdogo wako,
Muzdalifa